Kabla Hujaenda Kuwaona Kasa: Niliyojifunza Hadi Nikafika Juani

Watu wengi huniuliza waende wapi kuwaona kasa, na mimi huwauliza kwanza wanakwenda na nani. Ufukwe wenyewe unakuja baadaye. Nimefika kwenye fukwe mbili za kasa katika pwani yetu ya Tanzania. Mmoja uliniachia uchungu ambao haujanitoka. Wa pili, ulioko Kisiwa cha Juani kule Mafia, ulinionyesha kazi hii inavyofanywa na watu wanaoijua. Nayaandika haya kwa anayepanga safari, hasa Mtanzania mwenzangu anayetaka kuwapeleka watoto, kwa sababu maelekezo mengi yaliyopo yameandikwa kwa ajili ya wageni wa kutoka ng'ambo na hayasemi lolote kuhusu basi la Nyamisati, mahali pa kupandia kivuko cha kwenda Mafia.

Ufukwe wa kwanza sitautaja. Tulikuwa kundi la wafanyakazi wenzangu, tumekwenda kupumzika mwisho wa juma. Kijana mmoja wa pale ufukweni akatuambia kuwa kasa hupanda usiku na kwamba kwake yeye kuwaona ni uhakika. Tusipomwona hata mmoja, nusu ya pesa inarudi. Tukachanga. Hakutuambia tuvae nini, tukae wapi, wala kama kuna kibali chochote. Kwenye saa nne za usiku tukaitwa tukimbie.

Tulipofika tulikuta makundi mengine yameshatangulia, watu wazima na watoto, wamejipanga katikati ya maji na vichaka. Kasa alikuwa ameshatoka baharini. Kwanza niliona kivuli kinachosogea, kisha nikamsikia: pumzi nzito, za kukatika, na kituo kila baada ya kujivuta kidogo. Kasa wa kijani aliyekomaa anaweza kuzidi kilo 100. Majini uzito huo haumsumbui, lakini mchangani anauvuta wote kwa mapezi. Alipofika nusu ya njia, tochi zikawaka. Mtu akapaza sauti kumwita mwenzake, simu zikainuliwa na taa zake nyeupe, mtoto mmoja akasukumwa mbele ili apigwe picha naye. Kasa akasimama, kichwa juu, kitambo kirefu. Kisha akageuka. Hakuchimba hata kidogo. Aliacha mchangani alama ya nusu duara, ya kupanda na kushuka, akaingia majini na kutoweka. Yule kijana akatupongeza kwamba tumemwona, na pesa ikabaki kwake, kwa kuwa alichoahidi kilikuwa kuona.

Asubuhi yake nilikwenda kutembea nikamkuta mzee mmoja anashona nyavu karibu na ile alama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanyoosha kidole kuelekea kwenye alama akaniuliza kama nilikuwamo jana usiku. Nilipokubali akasema, "Yule mama mmemfukuza uzazini." Hakusema kwa hasira. Akaniketisha akanieleza hatua kwa hatua kile ambacho kasa angefanya kama angeachwa, na mengine niliyokuja kuyasoma baadaye yalithibitisha maneno yake.

Kasa jike hupanda ufukweni akiwa na wasiwasi mkubwa. Tangu anapotoka majini hadi anapomaliza kuchimba, mwanga, kelele au mtu anayesogea mbele yake vinatosha kumrudisha. Akiridhika na mahali, hufukua kwanza shimo pana la kulaza mwili wake, kisha kwa mapezi ya nyuma huchimba shimo jembamba la mayai, taratibu, pezi moja likitoa mchanga na jingine likisubiri zamu. Anapoanza kudondosha mayai hutulia, na hapo ndipo watu wanaweza kusogea kwa nyuma yake, wachache, kimya, wakiongozwa. Kwa kasa wa kijani mayai hufika 100 na zaidi kwa kiota kimoja. Kisha hufukia, hurusha mchanga huku na huku ili kuficha mahali penyewe, na kurudi baharini. Katika msimu mmoja hutaga mara kadhaa, kila baada ya wiki mbili hivi, halafu anaweza kukaa miaka 2, 3 au zaidi bila kutaga tena. Akifukuzwa, atajaribu tena usiku ule ule au unaofuata, mahali pale pale au pengine pabaya zaidi, akiwa ameshapoteza nguvu bure. Na ili afikie umri wa kutaga anahitaji miaka 25 au hata zaidi. Yule tuliyemfukuza pengine alikuwa na umri sawa na baadhi yetu tuliokuwa pale.

Niliondoka na azma ya kutofanya tena safari ya namna ile, na nikakaa muda mrefu bila kufanya yoyote. Aliyenirudisha ni binti yangu, aliyekuwa darasa la tatu. Shuleni walisomeshwa kuhusu wanyama wa baharini, akarudi nyumbani akitaka kumwona kasa. Nikaona afadhali aone kwa njia nzuri kuliko aje aone kama nilivyoona mimi.

Nilianza kwa kuuliza ni nani anayelinda viota, kabla ya kuuliza bei. Nikaambiwa kuhusu Sea Sense, shirika la Kitanzania linalofanya kazi na vijiji vya pwani tangu 2001. Huko Mafia na kwingineko limewafunza wanavijiji kupita ufukweni, kutambua alama za kasa, kuandika viota na kuvilinda mpaka vianguliwe. Mwanakijiji anayekigundua kiota na kukitolea taarifa hulipwa kitu, na hulipwa tena kiota kikianguliwa salama. Fikiri maana yake kwa mtu ambaye zamani yai lile lilikuwa kitoweo au la kuuza: sasa linamlipa likiachwa ardhini. Mgeni anapokwenda Juani kushuhudia kuanguliwa, sehemu ya anacholipa inaingia kwenye kazi hiyo na katika kijiji. Kwa hiyo swali la kumwuliza yeyote anayekuuzia safari ya kasa ni hili: pesa yangu inamfikia nani, na kiota ninachopelekwa kimeandikwa na nani? Akibabaika, achana naye.

La pili ni msimu. Huko Juani, safari za kushuhudia vifaranga wakianguliwa huwa katikati ya mwaka, takriban Juni hadi Septemba. Hicho ndicho kipindi cha kusi, upepo wa kutoka kusini unavuma na bahari ya nje imechafuka. Anayetaka bahari shwari ya kuogelea na vifaranga wa kasa kwa pamoja atapata shida. Sisi tulikwenda wakati wa likizo ya shule, na tulilowa.

Safari yetu ilikuwa ya watu wanne: mimi, binti yangu, mdogo wangu wa kiume, na mama mkubwa, dada yake mama, ambaye alizaliwa na kukulia Kilwa na hakutaka kusikia habari ya kuachwa. Kuna ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, zinafika Mafia kwa muda mfupi sana, ila kwa familia bei yake inauma. Sisi tulipanda basi la asubuhi Mbagala Rangi Tatu hadi Nyamisati, na hapo tukapanda kivuko hadi Kilindoni. Ni safari ya kuchosha na yenye kusubiri kwingi. Ushauri wangu: usipange kufika Kilindoni na kwenda Juani siku hiyo hiyo. Ukichelewa kivuko, na bahari ikikataa, umekosa mpango wote. Na usipange kurudi Dar siku inayofuata ile ya kiota. Weka nafasi ya siku za ziada hata kama ni kulala nyumba ya wageni ya bei nafuu pale Kilindoni. Nitaeleza sababu.

Kutoka Kilindoni hadi Utende, ambako mashua za kwenda Chole na Juani hupatikana, barabara ni ya lami. Kabla ya kufika Utende kuna geti la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyotangazwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini. Hapo kila mtu analipa kiingilio. Mtanzania analipa kidogo sana kuliko mgeni, lakini ni lazima aonyeshe kitambulisho, kwa hiyo beba cha NIDA. Mdogo wangu alikuwa amekiacha, tukapoteza muda wa kubembelezana getini. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali kwa simu, basi hakikisha simu ina chaji na ina pesa kabla hujafika.

Gharama kubwa kuliko zote ilikuwa mashua. Kama mko wachache, ulizeni kama kuna wengine wanaokwenda kwenye kiota hicho hicho mchangie. Tulipata wageni wawili tukagawana, na mzigo ukapungua. Juu ya hapo kuna ada ya kushuhudia kiota, na shukrani utakayompa mlinzi na nahodha kwa hiari yako. Sikuona aibu kuuliza kila shilingi inakwenda wapi, na walionijibu hawakuona aibu kunijibu.

Saa ya kuondoka haipangwi na mgeni wala na nahodha. Ghuba ya Chole wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, hukauka sana maji yakipwa, na kuna mahali ambapo mashua haifiki karibu na Juani mpaka maji yajae kiasi. Kisha kuna kurudi: ukikawia ufukweni ukitaka picha moja zaidi, maji yanakutoka na utatembea kwenye matope ya mikoko gizani, ukiwa na mtoto mgongoni. Nahodha wetu alitupa saa ya kurudi kabla hatujapanda, akamrudia mama mkubwa mara mbili akihakikisha amesikia. Mama mkubwa akamwambia, "Mwanangu, mimi maji ya bamvua nimeyajua kabla hujazaliwa." Wakaelewana kuanzia hapo.

Juani ni kisiwa cha watu, kina kijiji, msikiti, shule na mashamba, na kina magofu ya mji wa kale wa Kua. Usipite kijijini na nguo ya kuogelea. Vaa kanga au suruali, funika mabega, wasalimie wazee, omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu. Tulipita kijijini tukatambulishwa, kisha tukaanza kutembea kuelekea upande wa mashariki, upande wa bahari kuu, ambako kasa hutaga kwenye vijifukwe vidogo vilivyofichika kati ya miamba. Njia ni ya msituni na jiwe la matumbawe lenye makali. Kandambili hazifai hata kidogo. Mama mkubwa alivaa raba za mdogo wangu na soksi mbili mbili, akatutangulia.

Siku ile hatukuona kifaranga hata mmoja.

Mlinzi wa viota, kijana wa makamo mwenye daftari ndani ya mfuko wa plastiki, alitueleza kabla hata hatujakaa. Kiota kilikuwa kimefikisha siku zake, kwa kawaida kati ya 50 na 60 tangu kutagwa, lakini mchanga wa juu ulikuwa haujabonyea. Kifaranga akishapasua ganda hachomoki siku hiyo hiyo. Wenzake hupanda pamoja naye kwa siku chache, wakisukumana kuelekea juu, na mchanga wa juu hushuka kidogo kabla hawajatoka. Kibonyeo hicho hakikuwepo. Mmoja wa wale wageni wawili akauliza kwa nini asichimbe tu awatoe, maana yeye kesho anaondoka. Mlinzi akamjibu kwa upole kwamba hachimbi kiota ambacho hakijaanza kutoka. Mgeni akaongeza pesa. Mlinzi akarudia jibu lile lile, kwa sauti ile ile. Nilimheshimu sana mtu yule kwa dakika ile moja. Ndiyo maana nasema weka siku za ziada. Anayekuja na siku moja tu ndiye anayeishia kumshinikiza mlinzi, au kumwendea yule mwenye ndoo.

Habari ya ndoo niiseme hapa hapa. Zipo sehemu katika pwani zetu ambapo vifaranga huchukuliwa wakitoka, wakawekwa kwenye ndoo au bwawa, wakisubiri wageni walipe kuwashika na kuwaachia. Kifaranga huzaliwa akiwa na akiba ya kiini cha yai tumboni, na akiba hiyo ni ya kazi moja: kuogelea mfululizo kwa takriban siku nzima ya kwanza ili avuke maji ya karibu na pwani yaliyojaa samaki na ndege wa kumla. Anayemweka kwenye ndoo anamfanya aogelee nguvu zote zikaishia humo humo. Hata kama mwenye ndoo anasema anahifadhi, usimlipe.

Kwa hiyo siku ya kwanza tulikaa tu na mlinzi, tukazungumza, na kusema kweli ndipo nilipojifunza mengi kuliko siku ya pili. Alimwonyesha binti yangu jinsi ya kutofautisha alama: kasa wa kijani hujivuta kwa mapezi yote mawili kwa pamoja, alama zinalingana kulia na kushoto na upana wake hufika kama mita 1, ng'amba, kasa wa aina nyingine, hupishanisha mapezi, na alama yake ni nyembamba. Akatuonyesha kiota alichokihamisha kwa sababu kilitagwa chini ya mstari wa maji ya bamvua. Kuhamisha ni kazi ya aliyefunzwa tu, na hufanywa mapema, saa chache baada ya kutagwa, mayai yakibebwa bila kugeuzwa, kwani kiinitete hujishika kwenye ganda na yai likigeuzwa baadaye hufa. Mtu wa kawaida akikuta mayai yamefunuliwa asiyaguse, amwite mlinzi.

Akatueleza pia kuhusu joto la mchanga. Kifaranga hatungwi akiwa dume au jike. Joto la kiota ndilo linaloamua. Karibu nyuzi joto 29 za Selsiasi hutoka mchanganyiko, juu ya hapo majike huzidi, chini yake madume. Mchanga ukizidi kuwa wa moto mwaka hadi mwaka, madume yatapungua. Ndiyo maana hata vichaka vya juu ya ufukwe havikatwi ovyo: kivuli chake kina kazi.

Mama mkubwa alisikiliza yote hayo akiwa ameegemea mwamba. Kisha akasema kwamba wao utotoni walikuwa wakiyala mayai yake, na nyama pia, na hakuna aliyewaambia kitu. Sikujua ningeitikiaje. Mlinzi alimjibu, "Bibi, hata mimi nimekula. Babu yangu ndiye aliyenifundisha kuzifuata alama." Wakacheka wote wawili. Lakini mlinzi akaendelea na la uzito. Sheria inakataza kumvua, kumwua au kuchukua mayai yake, na nyama yake inaweza kuua. Alikumbusha yaliyotokea Kisiwa cha Panza, Pemba, Machi 2024, ambapo watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Sumu hiyo haionekani, haiondoki kwa kupikwa, na hutangulia kuwapata watoto. Mama mkubwa alinyamaza, kisha akauliza maswali mengi. Kama una mzee nyumbani aliyekulia pwani, nenda naye, na umwache azungumze na watu wa huko.

Tulirudi Utende na maji, kama nahodha alivyotaka. Wale wageni wawili waliondoka kesho yake bila kuona, na waliudhika. Sisi tulisubiri. Kusubiri kuligharimu: kulala, kula, na mashua tena, mara hii bila wa kuchangia naye. Niliyaweka haya kwenye bajeti tangu Dar, la sivyo tungeondoka nao.

Simu ya mlinzi ilikuja asubuhi: kiota kimeanza kutoka usiku, alama ziko mchangani, waliobaki watatolewa jioni. Hapa nifafanue, kwa sababu watu hupotoka. Vifaranga wengi hutoka wenyewe usiku, mchanga ukishapoa, na hakuna anayewaona. Wanaobaki chini, waliozidiwa na mizizi au mchanga mgumu, ndio mlinzi huwasaidia kwa kukifungua kiota baada ya kundi la kwanza kutoka. Kazi hiyo angeifanya hata kama hakuna mgeni, kwani ni lazima ahesabu maganda na kuandika wangapi wameanguliwa na wangapi wamekufa. Mgeni anakuja kutazama kazi iliyopo tayari. Ukiona mahali ambapo kazi inatengenezwa kwa ajili ya mgeni, jiulize maswali.

Kabla ya kukifungua alituweka pembeni na nyuma ya kiota, wote tumechuchumaa, hakuna mtu upande wa bahari. Akasawazisha kwa mkono nyayo zote zilizokuwa kati ya kiota na maji, maana kifaranga ana urefu wa sentimita 5 hivi na unyayo wa mtu mzima kwake ni shimo la kuhangaika. Simu ziliruhusiwa kwa kuwa bado kulikuwa na mwanga wa jua, mwanga wa flashi umezimwa kabisa. Kungekuwa usiku, tochi nyeupe isingewashwa. Kifaranga hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa maumbile ni upeo wa bahari, na taa ya mtu au ya hoteli humvuta nchi kavu mpaka jua linamkuta huko. Walinzi wenyewe hutumia taa nyekundu hafifu, na mara nyingi hawatumii yoyote.

Akachimba kwa viganja, taratibu. Likatokea pezi moja jeusi, kisha kichwa, kisha wakawa wengi kwa pamoja, wamejaa mchanga machoni, wanapapasa. Wakasimama kidogo kama wanaopumua, halafu wakaanza kwenda. Hawakwenda kwa foleni kama kwenye picha. Wengine walizunguka, mmoja alilala chali akajipindua, mmoja alipanda juu ya mwenzake. Binti yangu aliomba ambebe mmoja tu amfikishe majini. Mlinzi akamwambia hapana, aache atembee, maana kasa jike akishakua hurudi kutaga katika eneo alikozaliwa, na watafiti wanaamini safari hiyo huanza kurekodiwa ndani yake tangu mapema kabisa. Akatii, ila mikono aliifungia mgongoni ili isimsaliti.

Kaa alitoka kwenye tundu lake akamkamata mmoja. Ilikuwa haraka, hakuna aliyewahi. Binti yangu alilia kwa sauti. Mlinzi hakumdanganya, alimwambia kwamba katika vifaranga 1,000 pengine mmoja tu ndiye hufikia utu uzima, na ndiyo sababu yeye huamka alfajiri kuhakikisha kiota hakifukuliwi na kenge wala mtu. Nilitamani ampe jibu jepesi zaidi. Sasa nashukuru hakumpa, kwa kuwa binti yangu ndiye anayewaeleza wenzake shuleni, na hawaelezei habari ya vitoto vizuri tu, anawaeleza kwa nini watu hulinda.

Waliofika majini walichukuliwa na mawimbi ya kusi, wakarudishwa, wakachukuliwa tena. Nikawaona wawili watatu wakiinua vichwa, kisha sikuwaona. Mlinzi alikwisha kugeukia kiota, anapanga maganda kwa makumi makumi na kuandika. Mama mkubwa akapiga goti kumsaidia kuhesabu.

Baada ya kurudi nilisoma kwamba Oktoba 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, IUCN, lilimwondoa kasa wa kijani kwenye kundi la walio hatarini kutoweka, kwa kuwa idadi yao duniani imepanda kwa takriban asilimia 28 tangu miaka ya 1970. Jirani mmoja akaniambia basi ulinzi hauna haja tena. Mimi naisoma habari ile kinyume chake: wameongezeka kwa sababu kuna watu wanaohesabu maganda jioni kwenye fukwe zisizojulikana. Na ng'amba, ambaye gamba lake liliwindwa kwa karne nyingi kutengenezea vichana na mapambo, bado yuko katika hatari kubwa kabisa. Ukiuzwa bangili ya gamba lake popote, usinunue.

Walioko Kenya, Watamu kuna Local Ocean Conservation, iliyoanza mwaka 1997 kama Watamu Turtle Watch, na wanafanya kazi na wavuvi ili kasa aliyenaswa kwa bahati mbaya aachiliwe badala ya kuuawa. Walioko Oman, na huko Waswahili ni wengi, wana hifadhi ya kasa ya Ras al-Jinz karibu na Sur. Binamu yangu wa Maskati ameniambia usiku haingii mtu ufukweni bila kiongozi wa hifadhi, na makundi hupangwa kwa zamu. Popote utakapokwenda, ukikuta utaratibu wa namna hiyo unakukera, ujue uko mahali pazuri.

Bado naulizwa kuhusu picha. Ninazo, na nilizionyesha nyumbani. Mtandaoni sikuziweka mpaka msimu ulipokwisha, na kabla ya kuziweka nilifuta taarifa ya mahali zilipopigwa, kwa kuwa simu huihifadhi ndani ya picha na anayetafuta mayai anaweza kuisoma. Mlinzi ndiye aliyeniomba nifanye hivyo, pale pale ufukweni, huku anaosha mikono. Ukienda, muulize kabla hajalazimika kukuomba.